Koti la Unga wa Chuma

Kitengela,
14 Septemba 2000

Kwa dada yangu mpendwa Elsie,

Natumaini barua hii inakukuta salama hapo Kajiado, wewe, Melvin na shemeji Joram. Je, mkono wake umeacha kuvuja? Mimi niko, ila chakula kimenikataa.

Uliniuliza tulikuwa tukitengeneza nini hasa, nikakujibu nusunusu. Ni mafuta yenye unga wa chuma. Ukiyasogezea sumaku yanakaza kama ugali, ukiiondoa yanarudi kuwa uji. Mhandisi Njuguna, mwenye karakana, alitaka yafunge breki ya winchi, mashine ya kuinulia mizigo. Shida ni kwamba unga huo hutuama na kushika kutu, kwa hivyo kila chembe huvishwa ngozi nyembamba ya plastiki. Sisi huiita koti. Kuvisha koti ilikuwa kazi yangu. Joram alikoroga mafuta na kujaza breki.

Siku ile breki haikushika, mzigo ukamshukia mkononi. Vidole vitatu, dada! Njuguna alisema Joram hakukoroga. Joram akaapa kwamba alikoroga hadi bega likamuuma, lakini alifutwa kazi hata bandeji haijabadilishwa. Nami nilikuwa nimesimama pale pale, mdomo nimeufunga.

Joram alikoroga. Kabla ya koti, unga huoshwa kwa maji ya mvua. Mwaka huu mvua ni nani ameiona? Tangi lilikuwa kavu, na Njuguna alitaka kazi iishe Ijumaa. Nikauosha kwa maji ya kisima, haya ya chumvi yanayoacha weupe kwenye sufuria zetu, kisha nikaandika daftarini "mvua". Kutu ikaota chini ya koti, koti likabanduka, mafuta yakakataa kukaza.

Jana nilimweleza Njuguna yote. Akasema, "Wanjala, hiyo maneno iliisha. Rudi kazi." Nimeacha kazi, lakini kuacha kwangu hakuoteshi kidole.

Sikuombi msamaha, nitakuwa ninakuongezea mzigo. Ila Jumapili nilipokuja kumwona, ulipokuwa jikoni, Joram aliniuliza kwa sauti ya chini kama labda ni kweli hakukoroga vya kutosha. Nikamwambia apumzike. Tafadhali msomee barua hii, neno kwa neno.

Mbusu Melvin. Joram msalimie, kama salamu zangu atazipokea.

Ni mimi ndugu yako,
Wanjala