Titi la Fedha

Tepatitlán, Jumanne

Kwako dada Otilia,

Pokea salamu zetu, wewe, shemeji na watoto. Natumaini baridi ya Tijuana imepungua. Sisi tu wazima, ila magoti ya Mama. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu ningelia, na Mama yuko chumba cha pili.

Daktari aliyenitibu saratani ya titi aliniambia kuwa miaka sita imepita na titi liko salama, lakini kwa umri wangu nisikawie tena kupimwa utumbo mpana. Siku moja kabla ya kipimo hairuhusiwi kula. Mama nilimdanganya kuwa ninafunga kwa nadhiri. Kumbe naye akafunga pamoja nami. Mimi nakunywa dawa ya kusafisha utumbo na kukimbilia chooni, yeye yuko mlangoni na rozari, akisema kumbe dhambi zangu zilikuwa nyingi hivyo.

Kwenye kipimo waliona vinyama viwili vimeota utumboni, wakavikata. Daktari alisema vingi vya aina hiyo havina neno, na ndiyo maana ya kuviwahi. Majibu ni Ijumaa. Tangu siku hiyo chakula hakipiti, dada. Ninaogopa kuliko mara ya kwanza, maana sasa najua kinachoniogopesha.

Lakini kuna jambo baya zaidi. Unalikumbuka titi dogo la fedha ambalo Mama alimtundikia Bikira kama shukrani nilipopona, baada ya kutembea kwa magoti toka langoni mwa kanisa. Asubuhi ya kipimo nilipita hapo kanisani kununua utumbo wa fedha wa kumwombea Bikira. Muuzaji wa viungo vya fedha alinicheka: "Mama, macho ninayo, miguu ninayo, hata ng'ombe ninaye. Utumbo hajawahi kuuliza mtu." Nikaingia ndani mikono mitupu, nikalitungua titi langu. Nililishika ngumini mpaka waliponichoma sindano ya usingizi. Sijalirudisha. Naogopa kumrudishia Bikira shukrani kabla sijajua kama bado ninazo.

Jumapili ya wiki ijayo Mama anakwenda kulitazama, kama kila mwaka. Njoo kabla ya hapo. Majibu yakiwa mema, tutalitundika pamoja asijue. Yakiwa mabaya, mwambie wewe, mimi nitakuwa nimekaa nyuma yako. Nawe kapimwe, umri wako umeuzidi wangu.

Wabusu watoto, na shemeji msalimie bila kumwambia kitu.

Mdogo wako, mwizi wa kanisani,
Eduviges