Maji ya Kuoshea Nyama

Jumapili, 4 Mei
Nimewalisha nguruwe kabla ya misa. Pumba na maganda ya viazi. Wanane wa banda kubwa wamekula wakipigana vikumbo kama kawaida yao. Malkia yuko chumba chake, anakula kwa adabu, tumbo karibu liguse chini. Wiki tatu hivi atazaa.

Mchana wifi yangu Nyanzobe kaja kutoka Runzewe na mguu wa nguruwe kwenye ndoo. Mmoja wake alikataa kula siku mbili, wakamchinja kabla hajafa. Ndivyo tunavyoishi. Ukichinja, ndugu hakosi mguu. Nimeuosha, na yale maji ya damu nimeyamimina kwenye pumba za jioni za banda kubwa. Sipendi kitu kipotee. Nyama ilikuwa tamu, nimelamba mpaka vidole.

Jumatano, 7 Mei
Mahindi kutwa nzima. Mgongo si wangu. Mume wangu Baba Kulwa kapiga simu kutoka machimboni Geita, bado wanachimba mawe matupu. Nimemwambia dhahabu iko huku bandani, arudi ashike koleo. Kacheka.

Jumamosi, 10 Mei
Dume dogo hajala. Minyoo hiyo. Nimempa dawa.

Jumapili, 11 Mei
Si minyoo. Wanne hawali. Wamerundikana kona moja wanatetemeka, na jua linachoma. Nimeweka mkono mgongoni kwa dume dogo nikautoa haraka, ni wa moto. Masikio yalikuwa mekundu asubuhi, jioni yamekuwa zambarau. Misa sikwenda.

Jumatatu, 12 Mei
Dume dogo kafa alfajiri, damu puani. Saa nne mwingine. Saa tisa mwingine tena, na huyo asubuhi alikula!

Naogopa. Na nashangaa pia, daftari langu silidanganyi. Ni kitu gani hiki kinachomwangusha mnyama nisiyeweza kumsukuma kwa mikono miwili, nami nimesimama pale pale nisikione?

Kaja mtu wa pikipiki, mnunuzi wa nguruwe wa kitimoto cha machimboni. Anawataka wote walio hai, na Malkia. Kasema, "Mama Kulwa, uza wakiwa wanapumua. Kesho utafukia." Nimemwambia arudi kesho. Nimempigia bwana mifugo.

Jumanne, 13 Mei
Usiku wamekufa wawili. Bwana mifugo kavaa buti zake mlangoni, katoa damu ya kupeleka maabara, lakini uso wake ulishajibu. Homa ya nguruwe. Ni kirusi. Haina dawa, haina chanjo. Binadamu haimdhuru. Hakuna kuuza, hakuna kuchinja, wanaokufa wafukiwe.

Kisha kauliza, "Mayu, mama, kuna nyama ya nguruwe iliyoingia hapa?"

Nikaiona ile ndoo.

Kasema kirusi hukaa kwenye nyama na kwenye damu, husafiri kwa viatu, kwa kamba, kwa tairi. Tangu hapo nafikiria jambo moja tu. Mimi nilikula nyama, wao wakanywa maji niliyoioshea. Mimi nazunguka na afya yangu, wao wanakufa. Kitu kisichoonekana kilipita mikononi mwangu, kikaniacha, kikawachagua wao.

Mnunuzi karudi. Nimekataa. Ningempa, angewatawanya mpaka Geita, kila mama mwenye banda angelia kama mimi. Nimeyamwagia matairi yake dawa ya kuua vijidudu aliyoiacha bwana mifugo. Kasema nimechanganyikiwa, kaondoka akisonya. Labda kweli.

Jumatano, 14 Mei
Banda kubwa limekwisha. Wanane. Kelele za asubuhi nilizokuwa nazilaani, leo nimezitafuta.

Lakini Malkia amekula! Yale maji hakuyapata. Nimemhamishia ghalani. Naoga kabla ya kumwendea, nabadili kanga, naingia pekupeku. Mungu nibakizie huyu mmoja.

Alhamisi, 15 Mei
Hajala.

Viatu vyangu. Siku zote zile niliingia kwake na viatu vya banda kubwa.

Jioni mimba imetoka. Vitoto kumi na kimoja. Vina kwato, vina kope, kila kimoja kimekamilika. Nimevipanga juu ya gunia nikavitazama mpaka giza likaingia. Kazi yote ile ya miezi, imefanyika gizani bila mkono wa mtu, na kirusi kimeifuta kwa siku moja. Sijui nipige magoti mbele ya kipi.

Ijumaa, 16 Mei
Malkia amekufa, kichwa juu ya mguu wangu. Majirani wamechimba shimo refu, tumemwaga chokaa.

Nimempigia Nyanzobe. Alikuwa analia kabla sijasema neno, kwake wamekwisha wote. Ndiye aliyenipa Malkia, kitoto ndani ya kikapu, mwaka niliojifungua mapacha. Akaanza, "Wifi, ule mguu..." Nikamkatiza. Nimemwambia mguu ulikuwa mtamu, na maji niliyamimina bandani mimi mwenyewe. Tukalia wote mpaka salio likaisha.

Jumapili, 25 Mei
Misa. Baba Kulwa karudi jana, mikono mitupu, kaleta nyama ya mbuzi kidogo. Nimeiosha. Nikabeba beseni la maji, nikatoka, nikapita ghalani, nikafika mlango wa banda, nikafungua kitasa.

Kimya.

Mbele yangu kihori kikavu. Sikumbuki nilivyofika pale, miguu ilijua njia.

Nimeyamwaga kwenye shimo la taka. Nimerudisha kitasa. Nimeenda kusonga ugali.