Kitambaa cha Paneli ya Jua

Biryogo, Jumanne, baada ya magharibi

Hata hasira sijui niielekeze wapi. Mradi unawarudishia wenye maduka, hata sisi mafundi cherehani, nusu ya bei ya paneli ya jua, na sharti ni moja tu: mkaguzi aje aone taa inawaka.

Leo kaja. Nikabonyeza swichi mbele yake. Kimya. Nikasema bismillahi, nikabonyeza tena. Taa ikanitazama tu.

Akapanda ngazi mpaka kwenye bati. Akakaa huko kitambo, kisha akaita, "Mama, hii maua ni ya nini?"

Mke wangu, Mama Zaituni, hana kitu humu ndani ambacho hajakivika kitambaa cha kutarizi, kuanzia redio hadi chupa ya chai. Akajibu kwa fahari, "Nimeifunika, bwana! Jua la hapa linachuja rangi. Kitu cha bei namna ile!"

"Lakini mama, hii kitu inakula jua! Mumeinyima chakula wiki nzima!"

Alicheka mpaka nikamshikia ngazi asianguke. Atarudi Ijumaa, ikiwaka atasaini. Mvua isiponyesha. Na mawingu haya ya leo, mimi...

Kabla hajaondoka akaomba ashonewe kama kile, cha redio yake.

Nimemfokea Mama Zaituni mchana kutwa. Yeye anatarizi tu kile cha mkaguzi, na hilo ndilo linalonikera. Anajua, nami najua, ni fundi gani aliyepanda kwenye bati na futi shingoni, akachukua vipimo mara mbili ili kitambaa kisiache hata upenyo.