Kopo Lililommeza Shangazi

Baba Rehana,

Nimekwenda Njombe, mdogo wangu kajifungua. Wali uko kwenye sufuria, maharage yapashe moto. ~~Studio usifungue leo.~~ Fungua tu, soma mpaka mwisho.

Nilikuambia lenzi ya kuvuta haihitaji kofia ya kuzuia jua, ukiligeuzia jua mgongo inatosha. Hukusikia. Ukakata kopo la maziwa, ukalipaka rangi nyeusi, ukaivalisha lenzi, ukaenda nalo kwenye harusi ya binti wa Mzee Abdulatif. Asubuhi hii, wewe unakoroma, kondakta wa basi kaleta picha zilizosafishwa Iringa. Kila uliporudisha lenzi nyuma ili watu wote waenee, na kopo limo! Watu ndani ya duara katikati, pembeni giza tupu, kama harusi imechunguliwa kwenye bomba.

Bado nazitazama, Mzee Abdulatif huyo mlangoni. Nilitamani ardhi inimeze. Akazipitia moja moja. Kisha akacheka mpaka akashika ukuta. Dada yake, yule aliyeipinga ndoa tangu siku ya posa na bado akaja kujipanga pembeni kila picha, haonekani hata kwenye moja! Mzee ameagiza nakala za kuwapa ndugu wote.

Kwa hiyo kopo usilitupe, na Rehana asilichotee maji.

Idi tukipiga picha ya familia, mama yako akae katikati na watoto.

Dada yako mpange pembeni. Pembeni kabisa.

Mama Rehana