Kasiani, Dada Yako Hajanuna

Shemeji yangu Kasiani, mtani wangu, mla majogoo ya watu,

Nakusalimu kutoka huku Ujerumani, ambako jua ni kama mkwe mgeni: linachungulia mlangoni, linaona aibu, linarudi. Mimi ni mzima, ila magoti yanalia kama lango la zizi lako. Binti yangu Skola, mpwa wako, hajambo, na wanawe hawajambo, ingawa wananisalimia wamekalia makalio yao bila shikamoo. Mimi naitikia marahaba kwa sauti kubwa ili wajue kinachokosekana. Je, wewe? Kifua kimeacha kukohoa? Ulezi umeshapurwa, au bado uko uani unalisha ndege? Na mkeo Oliva bado anakuvumilia? Mpe pole.

Sasa weka mrija chini. Hiyo pombe haina miguu, itakungoja. Barua hii nimeiandika kwa mkono wangu mwenyewe, na elimu yangu unaijua: darasa la nne, na hilo la nne nililikalia mpaka dawati likanizoea. Nampa sista mmoja wa kwetu anayekuja huko likizo. Ningepiga simu, lakini zangu hupokei, na ya Skola uliikata. Barua haikatiki. Unaweza kuichoma, lakini nakujua, utaisoma kwanza.

Nianze na huyo mwanamke, maana najua umeambiwa vipande vipande. Anaitwa Gudrun. Ni mjane, alikuwa dereva wa basi, ana mabega ya mtu aliyekua akitwanga, na anakaa ghorofa ya chini, sisi juu. Tulijuana kwenye kishamba chake cha viazi nyuma ya nyumba. Nilikuwa dirishani nikitazama anavyoutesa udongo, nikashindwa kuvumilia, nikashuka, nikamnyang'anya jembe. Nikampigia matuta yetu, yale ya kufukia majani chini yaoze. Alinitukana kwa Kijerumani, nikamtukana kwa Kifipa, tukaelewana kabisa. Tangu hapo chakula chake kikiiva anagonga bomba la ukutani kwa mwiko, nasikia huku juu. Kasiani, mwanamume aliyekula peke yake kwa miaka, akiitwa na mwiko, anashuka ngazi bila kuyaomba magoti ruhusa.

Basi tukakubaliana tuoane. Nilidhani ni kama kwetu: wazee wanakaa, padri anatangaza kanisani, mwenye pingamizi asimame. Huku anayetangaza ni mama mmoja wa ofisi ya ndoa ya mji huu, na anayesimama kupinga ni karatasi. Alitaka cheti cha kuzaliwa. Nikamwambia nilizaliwa mwaka wa nzige, akauliza tarehe. Alitaka cheti cha ubatizo, cha ndoa ya kwanza, na hati ya kiapo kwamba sina mke mahali pengine, vyote vipigwe mihuri huko, vitafsiriwe huku na mtu aliyeapishwa, vipigwe mihuri tena. Nimeona mihuri mingi kuliko ng'ombe wa Mtowisa. Skola alihangaika kupitia paroko na yule binamu yake wa Majengo, pale mjini, vikaja. Kikabaki kimoja, cheti cha kifo cha dada yako.

Unajua tulivyofanya. Leokadia alifia nyumbani, tukamzika nyumbani, padri akaja, watu wakala, wakaondoka. Nani pale kwetu anafuata cheti cha kifo kama marehemu hakuwa na pensheni? Tulikuwa na kaburi, na kaburi lilitutosha. Ofisi ya huku haiwezi kusoma kaburi. Ikabidi mtendaji wa kijiji aandike kwamba ni kweli, wilaya ikatoa cheti kwa kuchelewa, Skola akakipeleka, nasi tukaanza kunong'onezana juu ya keki.

Lakini cheti cha kuchelewa kinawatia shaka, kwa hiyo wakamtuma wakili mmoja kijana aende huko kijijini kuhakiki. Angeweza kumkuta mtu yeyote. Akakukuta wewe. Taarifa yake nimesomewa neno kwa neno.

"Wewe ndiye kaka wa Leokadia?"

"Ndimi. Tumenyonya ziwa moja."

"Dada yako yuko wapi?"

"Amenuna. Kamkimbia mumewe, yuko kwangu."

"Kwa hiyo yu hai?"

"Mwambie Gaudensi alete jogoo, nimrudishie mke wake."

Akaandika. Ukamkaribisha mrija, akakataa, ukamwambia wanaume wasiokunywa ndio ambao wake zao hununa sana. Na hilo nalo kaliandika.

Niliposomewa nilicheka mpaka nikashikwa bega. Cheka na wewe. Halafu acha, kwa sababu mama wa ofisi hakucheka.

Mimi najua neno lile lilikotoka. Siku tunamzika ulisimama kwenye mdomo wa kaburi, wewe mfiwa, hata watani wengine wakashangaa. Ukakamata jembe ukasema hapana, dada yangu hajafa, amemnunia tu huyu mwanamume bahili, alete jogoo kwanza. Watu wakacheka huku machozi yanawatoka. Jogoo nikaleta, tukamla. Tangu siku ile kila nikipita uani kwako unanipigia kelele, "Bado amenuna!" nami najibu, "Jogoo anakua!" Hatukuwahi kuacha. Watu walituona wazee wawili wapumbavu. Wacha watuone. Lilitufaa.

Lakini sikiliza lilikofika. Mama yule aliniita ofisini, pamoja na mkalimani, mwanamke wa Tanga. Mama mwenyewe ni mwembamba, mpole, ana miwani ya kuning'inia kwenye kamba. Akasema: kuna karatasi inayosema mke wako amekufa, na kuna ndugu yake wa damu anayesema yu hai. Kimojawapo ni uongo. Ikiwa ni karatasi, basi imeghushiwa, na aliyeileta hapa ni binti yako.

Sasa fikiria. Skola ni muuguzi huku, Kasiani. Akiandikwa kwamba alipeleka cheti cha uongo serikalini, hiyo kazi imekwisha, na watoto wale wasiojua shikamoo watafungasha mizigo. Na mtendaji wetu, aliyetusaidia kwa moyo mweupe, ataitwa mwizi wa mihuri.

"Mwambie ni utani," nikamwambia mkalimani.

"Mzee wangu, mimi nimeapishwa kutafsiri, sikuapishwa kueleza. Eleza mwenyewe."

Nikaeleza. Kwetu kaka wa mke ni mtani. Akikutukana, amekupenda. Akikuheshimu, jihadhari. Msibani ndiyo kabisa, bila yeye watu wangekufa kwa kilio. Mama akasikiliza yote, hakunikatiza. Kisha akauliza, "Na utani huo unaisha lini?"

Nikamwomba mkalimani alirudie swali. Na mimi unanijua, hata askofu sijawahi kumwomba arudie.

Akauliza tena, taratibu, "Mzee, mke wako amekufa?"

Nikafungua kinywa, kikatoka kicheko. Kile kile cha uani kwako. Nikaona kalamu inaenda, nikajua anaandika kwamba nacheka. Ndipo nikasema, "Amekufa." Neno hilo sikuwa nimewahi kulitoa. Nilikuwa nasema hayupo, ametangulia, amenuna. Lilitoka kama jino la nyuma. Mkalimani akalitafsiri kwa sauti ya chini, na yule mama akavua miwani.

Lakini neno langu peke yake halitoshi, kwa kuwa mimi ndiye mwenye njaa ya kuoa. Njia ni mbili. Ya kwanza ni wewe kwenda mahakamani Sumbawanga, uape mbele ya hakimu kwamba dada yako amekufa na kwamba uliyomwambia yule kijana yalikuwa utani. Ya pili imeletwa na wakili wa Skola, nayo ni rahisi kama kuteleza. Wazee wawili wa kijiji waape kwamba akili zako zimechoka, hujui unachosema, na mimi nitie saini kuunga mkono. Wazee wameshapatikana. Usiniulize ni nani, maana utawafuata na fimbo.

Hiyo karatasi ililetwa mezani kwa Gudrun, tukiwa tunakula. Skola akanipa kalamu.

"Baba, tia saini. Mjomba mwenyewe kakata simu."

"Mjomba wako ana akili kuliko ghorofa hili zima, pamoja na lifti yake."

"Basi kwa nini hataki kusema? Sentensi moja tu, baba! Mimi nitapoteza kila kitu kwa sababu ya jogoo?"

Alilia, Kasiani. Muuguzi huyo, anayeshika maiti bila kupepesa macho. Gudrun akauliza kuna nini, Skola akamweleza. Gudrun akaivuta ile karatasi, akaisoma mpaka mwisho, akaigeuza uso chini, akatua sufuria ya supu juu yake. Kijerumani changu ni cha kuombea chumvi, lakini sufuria niliielewa.

Sikutia saini. Sitatia. Siwezi kupata mke kwa kukutangaza kichaa kwa kijiji kizima, halafu niishi nikila viazi kwa amani. Kwa hiyo jua hili: njia ya pili nimeifunga mwenyewe. Imebaki wewe.

Kibali changu cha kukaa huku kinaisha kabla mvua zenu hazijaanza. Kikiisha bila ndoa, narudi nyumbani. Gudrun hawezi kunifuata, moyo wake mbovu, daktari amemkataza ndege. Tukiagana, tumeagana. Na jina la Skola litabaki kwenye jalada la watu wa kushukiwa.

Skola anasema ulimjibu, "Nimeshasema, sibadili," kisha ukakata. Jibu hilo nimeligeuza kama kiazi cha moto. Kama ni hasira kwamba nafasi ya dada yako anaikalia mwanamke mwingine, nitukane kwa hasira, nitapokea, lakini usijifiche nyuma ya utani. Huo ni wetu sote wawili. Na kama ni kwamba neno lenyewe halitoki, basi hapo nakuelewa kuliko paroko na hakimu. Najua ukishaapa, hutaweza tena kunipigia kelele kwamba amenuna. Nikipita uani kwako utaniambia nini? Sijui. Na mimi nitajibu nini? Sijui vilevile. Mchezo wetu huo ndio ninaokuomba uutupe. Najua uzito wake, na bado nakuomba.

Mtendaji atakusindikiza, nimeongea naye. Vaa lile koti la kipaimara cha mjukuu, na vua kofia mbele ya hakimu. Usinywe kabla ya kwenda. Hakimu akikuuliza jina la baba yako, usimjibu kwa swali. Usimtanie karani, hata kama ni wa kabila la watani wako. Mchukue Oliva, akae karibu nawe, maana hilo neno likitoka utatafuta pa kushika. Mimi nilishikilia meza. Ukimaliza, tokeni nje, mkae jua la pale mahakamani, na unitukane utakavyo, mimi na ukoo wangu wote. Nitasikia.

Nisalimie Oliva mkeo, mwambie asikuwekee mrija asubuhi hiyo. Nisalimie mtendaji, mwambie simsahau. Nisalimie dada yangu wa Kabwe, muuza dagaa, kama atapanda huko juu kuuza, na umwambie kwamba Gudrun amekula dagaa alizotuma, akiwa amefumba macho. Nisalimie paroko, na yule katekista kiziwi aliyeimba siku ya mazishi. Wale wazee wawili usiwasalimie, maana hujui ni akina nani, na ni heri iwe hivyo.

Pitia na kaburini, ung'oe majani, uwe wa kwanza kumwambia. Asije akasikia kwa hakimu.

Mimi nimeshalisema, shemeji, peke yangu, mbele ya watu nisiowajua, katika chumba ambacho hakuna aliyewahi kumwona Leokadia. Usiniache peke yangu nalo.

Ni mimi, mtani wako,
Gaudensi