Dawa ya Njano, Dawa Nyeupe, na Shemeji Hoza

Ijumaa. Ukungu umeshuka tangu alfajiri, hata migomba ya uani siioni. Lakini moyoni mwangu jua linawaka.

Leo Mungu amemtia Hoza mkononi mwangu.

Hoza ni mume wa dada yangu. Siku ya posa ya binti yao Zaina, mimi mjomba mtu, niliyewahi kumkimbiza chui kwa mwiko wa ugali mpaka akaniachia mbuzi wangu na wa jirani juu yake, niliketi kwenye sinia la wazee. Nilikuwa nimepaka dawa ya upele. Hoza akapaza sauti mbele ya wakwe: "Shemeji, hamia kule upepo unakokwenda, tusije tukala pilau ya mayai viza!"

Wakacheka. Nikala peke yangu kwenye kisahani cha bati, kama mtoto aliyekojoa kitandani.

Utani wa mashemeji naujua. Ule haukuwa utani.

Sasa nieleze dawa, maana daktari kanizidi kalamu tu. Dresa, mfunga vidonda wa zahanati ya Lushoto, alinipa makopo mawili kwa cheti. Ya njano ni ya upele: unapaka kutoka shingoni mpaka nyayoni, jioni tatu mfululizo, na nguo unachemsha. Wadudu wanakufa, lakini inanuka, inatia shuka madoa, inakausha ngozi. Nyeupe ni ya choa, nilichokuwa nacho mguuni. Hiyo hainuki. Inababua ngozi mpaka choa kinabanduka nayo. Ukiigusisha penye mchubuko au mahali laini, utacheza ngoma ambayo hukufundishwa.

Basi leo mchana Hoza kaja kwa mlango wa nyuma, kajifunika koti la mvua, anajikuna kama mbwa. Upele kaupata kwenye nyumba ya wageni Mombo, alikofuata mchele wa harusi. Na harusi ni keshokutwa, karamu yake hapa hapa uani kwangu.

"Shemeji wangu, nisitiri. Nipe ile isiyonuka."

Kopo la dawa nyeupe nikalishika. Sifichi, nililishika. Kwa alivyojichubua kwa kucha, angeruka kutoka hapa akatue Mazinde.

Lakini moto ule ungezimika kesho, na keshokutwa angeketi kwenye sinia akinicheka tena.

Nikalirudisha. "Hii itakuunguza, na upele utabaki," nikamwambia kwa upole ulionishangaza mwenyewe. "Yako ni ya njano."

Akainusa, akafumba macho. "Mpaka lini?"

"Jioni tatu, shemeji, kuanzia leo. Au ujikune mbele ya wakwe. Chagua."

Kaichukua. Zaina na mama yake wako kwa bibi tangu kabla ya safari ya Mombo, mtoto anafundwa, kwa hiyo hakuwaambukiza, na hakuna mwingine atakayenuka. Ni Hoza peke yake.

Nimempa dawa sahihi na maelezo sahihi. Hata kadhi hana pa kunishika.

Jioni hii nimetoka uani, nikalowesha kidole, nikakiinua juu. Upepo unatoka Soni. Basi sinia la wazee litakaa mlangoni, na kile kisahani cha bati kule mwisho upepo unakokwenda, kwenye migomba. Nimekisugua mwenyewe kwa majivu.

Jumapili nitamwita kwa sauti, wakwe wote wasikie: "Shemeji, karibu! Chako hiki hapa."