Taa ya Majani ya Muhogo

Temeke

Mjukuu wangu Rehema, mke mwenzangu,

Barua yako nimeipata. Huku wazima, mama yako kapona mafua, na kuku wako mweupe kaangua vifaranga.

Unauliza ile taa ya ukutani ya marehemu babu yako, uliyoitundika sebuleni kwako Mwanza, uipake rangi gani. Ngoja nikwambie.

Nilipoolewa, enzi za Mwingereza, nilitoka Chanika kuja Temeke. Bibi harusi wa fungate hatoki nje, basi nikawa nautazama ukuta wa chokaa na kulikumbuka shamba la kwetu. Kanga zangu nilishazifunga furushi. Fungate ikiisha, narudi. Babu yako, fundi bati, akaniuliza kwetu kuna maua gani. Nikamjibu kwa hasira, "Kwetu kuna muhogo."

Akakata debe la mafuta ya taa, akatengeneza majani ya muhogo yenye vikonyo vya waya, akayapigilia ukutani na koroboi mbele yake.

"Hiyo mboga, si pambo," nikamwambia.

Magharibi akaiwasha. Upepo ukapita dirishani, majani yakatikisika, na vivuli vyake vikatanda ukuta mzima, vikiyumba taratibu. Nikasinzia nikivitazama, kama niko kwetu. Asubuhi nikalifungua furushi.

Usiyapake rangi, mke mwenzangu. Ukuta ndio uupake chokaa, kisha ufungue dirisha. Shamba lenyewe liliuzwa zamani. Limebaki hapo tu.

Bibi yako